Vitabu Bora vya Karne Hii: Namna ya Kuvichagua Bila Kununiana

Jaribio letu la kwanza lilichukua dakika 40 na likaharibika. Tulikuwa watu saba kwenye kibaraza cha nyumba moja Magomeni, kahawa ipo, kashata zipo, na mtu kageuza kalenda ya mwaka uliopita ili tuandike nyuma yake. Swali lilikuwa jepesi kulitamka: riwaya kumi bora za Kiswahili za karne hii ni zipi? Tulipomaliza tukahesabu. Nne zilikuwa za karne iliyopita. Moja ilikuwa tafsiri. Tatu zilikuwa vitabu vya shule, na waliozitaja hawakuwa wamezifungua tangu mtihani wa kidato cha nne. Moja hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma. Iliingia kwa sababu "watu wanaisifu". Ikabaki moja, na hiyo moja ndiyo tuliyoigombania mpaka wawili wakaondoka bila kuaga.

Tumelirudia zoezi mara mbili tangu siku hiyo. Yafuatayo ni mambo ambayo ningeyafanya tangu mwanzo kama ningeanza leo. Nasemea riwaya za Kiswahili kwa kuwa ndizo tunazosoma. Mwenye kikundi cha mashairi au tamthilia atabadilisha mawili matatu.

Hatua ya 1: Funga mipaka kabla jina lolote halijatajwa

Anza na karne yenyewe. Kwa hesabu ya kalenda, karne ya 21 ilianza tarehe 1 Januari 2001, maana hapakuwa na mwaka sifuri. Watu wengi lakini huanzia 2000. Hata gazeti la New York Times, lilipowaomba waandishi na wadau wengine wa vitabu 503 wapigie kura vitabu bora vya karne mwaka 2024, lilianzia tarehe 1 Januari 2000. Chagueni moja, iandikeni juu kabisa ya karatasi, na asiwepo wa kuibadilisha baada ya majina kuanza kutajwa, kwa sababu atakuwa anaibadilisha kwa ajili ya kitabu chake.

Utauliza mwaka mmoja una nini. Tazama 1999. Mwaka huo ndio uliotupa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, Ziraili na Zirani ya William Mkufya na Nguvu ya Sala ya K. W. Wamitila. Zote tatu zimeishia mlangoni. Kwetu dada anayefanya kazi benki aliapa kwamba Vuta N'kuvute ni ya karne hii, na nilimwelewa: alikuwa ameona filamu ya Amil Shivji, ambayo ni ya 2021, kabla hajakishika kitabu. Tulipomfungulia ukurasa wa haki miliki akaguna, akasema, "Basi hiyo mipaka yenu mmeichora vibaya." Labda. Lakini mipaka ikishaanza kuvutwa kwa ajili ya kitabu kizuri, kesho utasikia kwamba na Nagona ya Kezilahabi, ambayo ni ya 1990, ilikuwa mbele ya wakati wake kwa hiyo iingie nayo.

Huo ukurasa wa haki miliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, ufanyeni hakimu. Tafuta mwaka wa toleo la kwanza. Usidanganywe na jalada jipya linalong'aa: vitabu vya miaka ya 1970 huchapwa tena na tena, na muuzaji atakuambia kwa moyo safi kabisa kwamba "hiki kimetoka juzi".

Halafu kuna tafsiri. Abdulrazak Gurnah alipata Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kwa Kiingereza kitabu hicho ni cha 1994. Je, ni cha karne hii au siyo? Mpemba wetu alisema kisa ni cha zamani ila Kiswahili chake ni cha jana, na sisi tunahukumu Kiswahili. Hoja nzuri. Mwalimu, ambaye ni mstaafu na tunamwita hivyo hivyo, alisema ukimpa mfasiri nafasi ya mtunzi utampa na fundi rangi hati ya nyumba. Tuliishia kutenga ukurasa wa pili wa tafsiri peke yake, na sijaona suluhisho bora kuliko hilo.

Msizichukulie sheria hizi kama urasimu tu. Ile orodha ya New York Times ilihusu vitabu vilivyotoka Marekani kwa Kiingereza. Kilichoshika nafasi ya kwanza, My Brilliant Friend cha Elena Ferrante, kiliandikwa kwa Kiitaliano. Kiliingia kwa sababu kuna mtu alikitafsiri. Riwaya ya Kiswahili isiyo na tafsiri haikushindwa pale, maana haikuwahi kuingia uwanjani. Kila mtakapoweka mpaka, ulizaneni nani mmemfungia nje. Sisi tuligundua kwamba mpaka wetu wa "riwaya" uliwatupa nje waandishi wa hadithi fupi, ambao pengine ndio waliofanya kazi kubwa zaidi katika miaka hii. Tuliuacha hivyo hivyo, ila tuliuandika.

Hatua ya 2: Majina yaandikwe kimya kimya

Kila mtu aandike vitabu vitano kwenye karatasi yake, akunje, aweke kwenye bakuli. Hakuna kuzungumza mpaka karatasi ya mwisho iingie.

Sababu yake inajulikana na yeyote aliyekaa kikao cha ukoo. Mkubwa akishasema, waliobaki wanabaki kuongezea chumvi. Mwalimu wetu ni mtu mpole sana, hamkatizi mtu, lakini siku ile ya kalenda alitaja kitabu cha kwanza na watu wanne wakasema "hata mimi nilitaka kusema hicho". Hawakutaka kusema hicho. Kwenye karatasi za siri, mara ya pili, kilipata mtu mmoja: Mwalimu mwenyewe. Alicheka zaidi yetu sote.

Na kwenye kuzungumza, aanze mdogo. Kwetu ni kijana wa miaka 22 mwenye kibanda cha kuuza vocha, na anasoma kuliko wengi wetu kwa kuwa siku nzima amekaa.

Hatua ya 3: Weka alama kwenye vitabu vya shule

Hapa ndipo orodha nyingi za Kiswahili zinapozama. Mtu akiulizwa riwaya bora, anachokumbuka ni riwaya aliyotahiniwa. Mkenya aliyemaliza sekondari katikati ya muongo uliopita atakutajia Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Waliomfuata watasema Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Huku kwetu ni Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo. Hivi si vitabu vibaya. Tatizo ni kwamba vilisomwa kwa ajili ya swali la insha, na msomaji wa aina hiyo hubaki na "dhamira" na "wahusika" kichwani huku kitabu chenyewe kimeshayeyuka.

Tulikuwa na mgeni siku moja, kijana aliyesoma Nairobi, akaitetea Kidagaa Kimemwozea kwa nguvu zote. Alitoa jazanda, taswira, majina ya kimajazi, Mtemi Nasaba Bora na yote. Nikamuuliza swali dogo tu: mswada ulikuwa wa nani, na aliyeuiba ni nani? Akanyamaza. Akajaribu kubahatisha, akakosea. Huo wizi wa mswada wa Amani ni katika mambo matamu kabisa ya kitabu kile, kwa sababu unahusu kitabu kinachobeba jina hilo hilo. Alikuwa amepata alama nzuri kwenye mtihani bila kukifurahia hata kidogo.

Basi sisi tunaandika herufi "S" kando ya kila kitabu ambacho mpendekezaji alikisoma shuleni. Hakiondolewi. Anatakiwa akisome upya ndani ya mwezi mmoja kama mtu mzima asiye na kalamu nyekundu mgongoni. Wengine hurudi na upendo mkubwa zaidi. Wengine hurudi na kusema kwa sauti ya chini, "Kifute."

Hatua ya 4: Tafuta majina usiyoyajua

Mkibaki na mnavyovijua mtakuwa mnapigia kura kumbukumbu zenu. Tuzo husaidia. Ile tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell, ya Mabati-Cornell na baadaye Safal-Cornell, ilitoa washindi wake wa kwanza mwaka 2015. Kwa upande wa riwaya ilitupatia Penzi la Damu ya Anna Samwel Manyanza, Kilio cha Mwanamke ya Idrissa Haji Abdalla, Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali na Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa 2023. Kumbuka jambo moja: tuzo hizi hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, kwa hiyo mwaka wa ushindi na mwaka wa kitabu kuingia dukani vinaweza kupishana. Rudi kwenye ukurasa wa haki miliki.

Kupata nakala ni kazi. Ukiingia duka la vitabu ukauliza riwaya, mara nyingi utapelekwa kwenye rafu ya kiada, na ukisema hutaki ya shule utatazamwa kama umeomba nyama kwenye duka la dawa. Pigieni simu wachapishaji wenyewe. Jaribuni Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi. Sisi tulichanga, tukanunua nakala mbili za kila kitabu, na kila mtu anakaa na nakala wiki mbili. Anayechelewesha ananunua kashata. Zile nakala za kupiga picha kurasa na kurushiana kwenye simu msizifanye. Mwandishi wa Kiswahili hauzi nakala nyingi kiasi cha kutoumia sisi saba tukimnyima zake.

Hatua ya 5: Kubalianeni mnatafuta nini

Vigezo kumi na viwili ni vya jopo la wizara. Sisi tuna maswali matatu. Je, lugha yake inafanya jambo ambalo muhtasari hauwezi kulifanya? Je, kuna mtu ndani yake unayemfikiria ukiwa kwenye daladala? Je, ukikisoma mara ya pili kinakua au kinasinyaa?

Hilo la lugha ndilo lililotugawa kabisa, na sidhani tutapatana. Mwanzoni mwa karne hii riwaya ya Kiswahili ilikuwa imeshika njia mbili. Upande mmoja kuna zile zinazovunja uhalisia. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001, mkubwa mmoja aitwaye K anaandamwa na mzimu wa babu yake, unaomlazimisha aitazame nchi aliyosaidia kuiharibu. Mwaka uliofuata ikatoka Bina-Adamu! ya Wamitila, kitabu chembamba ambacho safari yake inavuka mabara na nyakati, na utandawazi ndani yake ni kama kiumbe. Upande wa pili kuna wanaokaa chini na kukusimulia. Haini ya Shafi, 2003, inakuingiza gerezani Zanzibar baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972. Ua la Faraja ya Mkufya, 2004, ni kitabu kinene kinachotembea taratibu katika maisha ya watu wa mjini wakati UKIMWI unawapukutisha.

Kijana wa vocha aliisoma Bina-Adamu! kwa siku mbili, akaja amekasirika. "Huyu anataka nimwone ana akili," alisema. Mpemba akamjibu kwamba ugumu wa kitabu ni sawa na mfupa wa ng'onda: ukitaka bila mfupa, kanunue biskuti. Mimi niko katikati, na najua kukaa katikati kunaudhi. Nadhani ugumu unalipa pale tu ambapo sentensi yenyewe, kabla hujaielewa, inakufanya utake kuirudia. Babu Alipofufuka inanifanyia hivyo karibu kila ukurasa. Bina-Adamu! inanifanyia hivyo mwanzoni, halafu kuna sehemu naanza kuona mafumbo yakipangwa foleni, kila moja na maana yake mkononi kama tiketi.

Upande wa akina Mkufya nao una mtego wake. Kitabu kinachohusu jambo zito hupewa uzito wa jambo lile. Tulikuwa tunasema Ua la Faraja ni kubwa kwa sababu UKIMWI ulikuwa msiba mkubwa, mpaka mama mwenye nyumba, ambaye husikiliza kutoka dirishani na hajiiti mwanakikundi, akauliza: "Sasa hicho kitabu kingekuwa cha malaria mngekipenda?" Tulibishana swali hilo jioni nzima. Jibu langu lilikuwa ndiyo, kwa sababu ninachokikumbuka humo ni jinsi watu wazima wanavyokwepa kutaja neno moja mbele ya wenzao, na hilo wangelikwepa hata kama ugonjwa ungekuwa mwingine.

Hatua ya 6: Mjadala wenyewe

Sheria ya kwanza, kitabu kiwe mezani. Hakuna kusifu wala kuponda bila kufungua ukurasa na kusoma aya kwa sauti. Hili peke yake litakata maneno kwa nusu.

Mfano mmoja. Haini ilikuwa inashindwa kwetu. Watu wawili walisema ni historia iliyovishwa shati la riwaya, hasa kwa kuwa inajulikana kwamba mwandishi mwenyewe alipitia jela ile. Dada wa benki hakujibu. Alifungua ukurasa wa ndani ya selo akaanza kusoma, polepole, kwa ile sauti yake ya dirishani benki. Alipofika chini ya ukurasa hakusimama, akafungua mwingine. Mpemba alikuwa na kipande cha kashata kati ya vidole na kilikaa pale pale mpaka kikaanza kuyeyuka. Hakuna hoja iliyotolewa jioni ile iliyopata kura nyingi kuliko kurasa zile mbili.

Sheria ya pili, maneno haya yamepigwa marufuku: "kina mafunzo mengi", "kinaelimisha na kuburudisha", "kinaakisi jamii". Anayeyasema anaanza upya. Utashangaa watu watakavyotafuta maneno, na wakiyapata yatakuwa yao.

Sheria ya tatu, kabla ya kura kila mmoja atetee kitabu asichokipenda kwa dakika tano. Mwalimu alipewa Bina-Adamu! na akaitetea vizuri kiasi kwamba kijana wa vocha alikiomba tena.

Sheria ya nne inauma kidogo. Wasifu wa mwandishi uachwe nje. Kezilahabi alifariki Januari 2020, Walibora Aprili mwaka huo huo, na kwa muda mrefu kura kwa Walibora zilikuwa na harufu ya rambirambi. Vivyo hivyo na Nobel: kabla ya Oktoba 2021 hakuna aliyemtaja Gurnah kibarazani kwetu, na mwezi mmoja baadaye wote tulikuwa tumemsoma tangu utotoni.

Hatua ya 7: Kura

Kila mtu atoe alama 1 hadi 5 kwa kila kitabu alichokisoma chote. Asichokisoma aache wazi. Msijumlishe, tafuteni wastani. Ukijumlisha, kitabu kilichosomwa na watu 7 waliokiona cha kawaida, kila mmoja akatoa 3, kinapata 21, na kilichosomwa na watu 3 waliotoa 5, 5 na 4 kinapata 14 na kushindwa. Kwa wastani cha kwanza kina 3, cha pili kina 4.7 hivi. Wastani nao una ujanja wake, maana mtu mmoja anaweza kupandisha kitabu chake peke yake, kwa hiyo wekeni kiwango: nusu ya kikundi wawe wamekisoma. Kwa watu saba, wanne. Kisichofika nne kinasubiri kwenye safu ya pembeni na wanaokipenda wana jukumu la kumtafuta msomaji wa nne.

Mkimaliza, andikeni tarehe, mipaka, na sentensi moja ya anayepinga chini ya kila kitabu. Orodha huchacha. Wolf Hall ya Hilary Mantel ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ya gazeti la Guardian mwaka 2019 na ya tatu kwa New York Times miaka mitano baadaye, na kitabu hakikubadilika hata herufi moja.

Kwetu mpaka sasa Ua la Faraja inaongoza, Haini iko nyuma yake kwa sehemu ndogo sana, na Babu Alipofufuka, ambayo mimi ningeiweka juu yao zote mbili, haipo hata kwenye orodha. Imesomwa na watatu tu. Nakala moja iko kwa mama mwenye nyumba, ambaye amekubali kuwa msomaji wa nne kwa sharti kwamba asiulizwe dhamira. Jana alikuwa amefika pale K anapotolewa nje ya nyumba yake. Amesema nisimharakishe.